Marangu, Machame, Lemosho au Rongai: Njia Ipi ya Kilimanjaro kwa Anayetaka Kuijua Mimea ya Asili?

Ukiuliza njia ipi ya Kilimanjaro ni nzuri, karibu kila mtu atakujibu kwa kukitazama kilele: ipi ina siku nyingi za kuzoea hewa nyepesi, ipi haina msongamano, ipi ina vibanda badala ya mahema. Ni majibu ya haki kwa anayetaka kufika Uhuru, mita 5,895. Lakini wapo wanaokwenda mlimani kwa haja nyingine: mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi wa misitu, mganga wa tiba asili, au mtu wa Moshi aliyeutazama mlima tangu utoto na sasa anataka kujua lile ua jekundu la msituni linaitwaje. Hao wanahitaji njia itakayowaonyesha mimea mingi ya asili kwa karibu, tena kwa mwendo unaowaachia nafasi ya kuitambua.

Nimezilinganisha njia nne kwa jicho hilo peke yake, na uamuzi wangu nautoa mapema. Kwa mtu wa mara ya kwanza nachagua Marangu, njia ambayo wapanda mlima wengi huidharau. Machame ina mandhari makubwa zaidi na Lemosho ina utulivu zaidi, lakini kutambua mmea ni kazi inayotaka muda na marudio, na hapo Marangu inazizidi zote.

Napima mambo matatu: muda unaoupata ndani ya kila ukanda wa mimea, kama unarudi kwa njia ileile, na kama unachokiona ni cha asili kweli au kimeletwa. Hilo la pili wengi hawalifikirii. Mmea ulioukuta ukipanda, pumzi juu juu na wenzako wanakuita, hujaujua bado. Ukiukuta tena ukishuka, ukausalimia kwa jina kabla mwongozaji hajafungua mdomo, hapo umeujua.

Mlima wenyewe umepangwa vizuri kwa ajili ya mwanafunzi. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeufanyia utafiti kwa miongo kadhaa, ameorodhesha takriban spishi 2,500, na hazijatawanyika ovyo. Chini kuna mashamba ya Wachaga, kahawa chini ya migomba. Kuanzia kama mita 1,800 hadi karibu 3,000 ni msitu wa mvua. Juu yake ni ukanda wa nyasi na erika, mimea yenye majani kama sindano ndogondogo, kisha eneo la senesio na lobelia, mimea mikubwa nitakayoieleza mbele, kisha jangwa la mawe linaloanza kwenye mita 4,000 na ushei. Aliyezoea Mlima Kenya atashangaa jambo moja: Kilimanjaro haina ukanda wa mianzi. Unatoka msituni ukaingia kwenye erika moja kwa moja, na mpaka huo unaonekana kwa macho.

Msituni: Marangu na Machame

Njia hizi mbili zote ziko upande wa kusini, unaopokea mvua ya upepo wa Bahari ya Hindi. Katikati ya msitu wa kusini mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kila shina limevaa kuvu, kangaga na maua yanayoota juu ya miti mingine. Ukitazama orodha ya spishi tu, hutaona tofauti kubwa kati ya Marangu na Machame. Tofauti iko kwenye siku yako ya kwanza itakavyokuwa.

Kutoka geti la Machame hadi kambi ya kwanza ni kama kilomita 11 za kupanda, saa tano hadi saba, na wagumu, yaani wapagazi, wanakupita na mizigo kwenye njia hiyohiyo. Ukichutama kuangalia jani, unazuia watu. Kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, kwenye mita 2,720, ni kama kilomita 8, saa tatu hadi nne, na sehemu kubwa ya safari wagumu wana njia yao pembeni. Unafika mchana bado mchana, kambi iko ndani ya msitu wa juu, na una saa kadhaa za kutembea bila mzigo. Kwa mtu anayesoma mimea, hizo saa ni mali.

Cha kwanza kutafuta ni Impatiens kilimanjari. Jina lenyewe linasema kwao ni wapi: haioti porini popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Ni mmea laini, shina lake limejaa maji, unapenda kivuli na kingo za vijito, na ua lake ni jekundu lenye mkia mnene uliopinda kuelekea ndani. Jirani yake utaikuta Impatiens pseudoviola, na hapa wageni huchanganyikiwa kwa sababu mmoja wa waongozaji atakwambia ni "ileile ya rangi nyingine." Siyo. Pseudoviola inatambaa, maua yake ni madogo, meupe yanayoelekea waridi au zambarau, yamekaa bapa, na mkia wake ni mwembamba. Angalia mkia kwanza, rangi baadaye, maana rangi inadanganya: spishi hizi mbili huchavushana na kuzaa chotara wenye sura ya katikati. Ukikuta ua la waridi iliyoiva lenye mkia usio mnene wala mwembamba, usilazimishe jina. Andika "chotara, huenda" na uendelee.

Zote mbili zina vitumba vya mbegu vinavyopasuka vikiguswa. Kiguse kimoja kilichokomaa na utaona mbegu zikiruka. Ni njia ya uhakika ya kujua kwamba uko kwenye jamaa hiyo hata kama hakuna ua.

Ukiinua macho, miti miwili itakusaidia kujua msitu ulivyo. Mkulo, ambao Wachaga huuita mseri, ndio uliokuwa mfalme wa msitu wa kusini. Majani yake yana weupe upande wa chini, na ukilisugua jani lililoanguka unapata harufu ya kafuri. Umekatwa sana kwa mbao, kwa hiyo mkulo mkubwa karibu na njia ni wa kusimama na kuutazama. Wa pili ni Macaranga kilimandscharica, wenye majani mapana, ambao hukimbilia mahali palipofunguka. Ukiuona umejaa mahali pamoja, jua miti mikubwa iliwahi kuangushwa hapo, kwa shoka au kwa upepo. Msitu unasimulia yaliyoupata, kwa anayejua kuusoma.

Kwenye mabonde yenye unyevu zaidi utakuta pia kangaga wa mti, Cyathea manniana, na Lobelia gibberoa, lobelia ya msituni yenye shina moja refu lililo uchi na majani marefu kileleni. Ikumbuke hii ya pili, tutaihitaji juu. Kwenye miti iliyoinama tafuta Begonia meyeri-johannis, begonia inayopanda juu ya miti mingine kwa maua meupe. Imepewa jina la Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller.

Wengine watauliza habari za ule mti mrefu kuliko yote Afrika. Upo kweli, ni mkukusu wenye mita 81.5, na Hemp na wenzake waliutangaza mwaka 2016. Lakini umejificha kwenye bonde la mbali upande wa kusini, na hakuna njia kati ya hizi nne itakayokupitisha chini yake.

Kwa msitu, basi, Machame ni mnene na wenye kuvu nyingi kuliko Marangu, nakubali. Lakini unaupita mara moja tu, kwa sababu wanaopanda Machame hushukia Mweka. Wa Marangu anaupita mara mbili.

Kreta ya Maundi na mpaka wa msitu

Dakika chache kutoka Mandara iko Maundi, kreta (shimo la volkano) ndogo ya kale iliyofunikwa na nyasi. Ningependa kila mwanafunzi wa mimea Tanzania afikishwe hapo. Unasimama kwenye ukingo, nyuma yako msitu, mbele yako erika, na katikati kuna uwanja wenye jua ambapo maua ya pande zote mbili hukutana. Protea ya Kilimanjaro iko huku, kichaka chenye majani magumu na kichwa cha ua cheupe kilichofungwa na magamba. Kuelekea Horombo tafuta Kniphofia thomsonii, inayosimamisha mshumaa wa maua ya rangi ya chungwa na manjano, na Gladiolus watsonioides, nyekundu, inayoinamisha vichwa vyake.

Erika yenyewe ndiyo itakayokusumbua. Mlimani kuna zaidi ya spishi moja, nyingine ni vichaka vya kukufika magotini, nyingine ni miti ya mita kumi iliyoning'iniza ndevu za kuvumwani iitwayo Usnea. Majani yote ni kama sindano ndogondogo, na bila maua wataalamu wenyewe hutumia kioo cha kukuzia. Ushauri wangu ni huu: ridhika na jenasi, yaani jina la kundi zima. Kuandika "erika, ya mti, na urefu kama mita sita" kuna faida zaidi kuliko kuandika jina la spishi ulilobahatisha.

Kwenye ukanda huu Marangu ina doa, na nisingekuwa mkweli nikilificha. Mwezi Oktoba 2020 moto mkubwa ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza zaidi ya kilomita 90 za mraba za uoto wa mlimani, sehemu kubwa ikiwa erika na nyasi. Moto wa mara kwa mara ndio uliouteremsha mpaka wa msitu wa erika kwa miongo mingi sasa. Kwa hiyo anayetaka kuona miti ya erika iliyokomaa, mirefu, yenye ndevu, ataiona vizuri zaidi kwenye sehemu ya juu ya msitu wa Machame na magharibi huko Lemosho. Anayetaka kuona jinsi mlima unavyojiponya, kipi kinarudi kwanza na kipi kinachelewa, aende Marangu. Kwangu mimi hilo la pili ni somo kubwa kuliko la kwanza.

Senesio na lobelia: Horombo au Barranco?

Hapa ndipo watu wa Machame na Lemosho hutuzidi kelele, na wana haki. Bonde la Barranco, kwenye mita 3,960 hivi, lina senesio nyingi zilizosimama pamoja kando ya maji, na ukishuka kutoka jabali la Lava Tower alasiri ukungu ukipanda, mandhari yake hayana mfano. Horombo, mita 3,720, nayo ina senesio zake kwenye mabonde ya vijito kuzunguka kambi, lakini si kwa wingi ule.

Sasa tazama ratiba. Anayefika Barranco ametoka mita 4,600, mara nyingi kichwa kinamgonga, na asubuhi na mapema anaanza kuukwea ukuta wa Barranco. Muda wake na senesio ni saa chache za uchovu. Anayepanda Marangu kwa siku sita hulala Horombo usiku mbili ili mwili uzoee, na siku ya katikati hutembezwa hadi Mawe ya Pundamilia na kurudi. Ana siku nzima, mwendo mfupi, na senesio na lobelia njiani. Kwa picha chagua Barranco. Kwa daftari chagua Horombo.

Kutofautisha senesio na lobelia ni rahisi ukishajua pa kuangalia, ingawa wageni wengi hushuka mlimani bado wakizichanganya. Senesio ni mti. Ina shina nene linalogawanyika matawi, na kila tawi lina kichwa cha majani juu. Majani yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yamelifunika shina kama blanketi la mgema alfajiri, na kazi yake ni hiyohiyo, kuzuia baridi. Maua yake ni ya manjano. Lobelia ya huku juu, Lobelia deckenii, haina matawi: ni mviringo wa majani yaliyopangana karibu na ardhi, na katikati yake kuna maji. Ikifika wakati wa kuchanua inainua mnara mmoja mnene, na maua yake ya buluu iliyokolea yamejificha kati ya vijani vya mnara. Usiku majani hujifunga. Maji yaliyomo huganda juu tu, na barafu hiyo hulinda chipukizi lililo chini. Huku mimea inaishi kiangazi kila mchana na kipupwe kikali kila usiku, na kila kiungo chake kimeumbwa kwa hilo. Ukikaa kimya karibu na mnara uliochanua unaweza kumwona ndege aitwaye chozi akija kunyonya.

Sasa ikumbuke ile lobelia ya msituni. Gibberoa ina shina refu hewani, deckenii imekaa chini. Urefu wa mahali ulipo unakupa jibu kabla hata hujaangalia ua.

Senesio ya Kilimanjaro ni Dendrosenecio kilimanjari, na haiko kwingine. Ina namna mbili. Ya chini huanza kwenye kingo za msitu na mabonde ya erika. Ya juu, iitwayo cottonii, huishi kuanzia kama mita 3,600, majani yake ni mazito zaidi na maua yake ni ya manjano iliyofifia. Horombo iko karibu na pale namna hizi mbili zinapopishana, sababu nyingine ya kukaa hapo ule usiku wa ziada.

Jambo hili la kila mlima kuwa na senesio yake ni silaha kwa mtambuzi. Meru ina Dendrosenecio meruensis. Mlima Kenya una keniodendron na keniensis. Elgon ina elgonensis. Kwa hiyo mtu au simu ikikwambia kwamba ulichopiga picha Barranco ni keniodendron, unajua hapohapo kwamba wamekosea, bila kuwa mtaalamu.

Lemosho, kwa mwenye siku

Lemosho inaingilia magharibi, geti la Londorossi, kwenye mita 2,200 na zaidi, kwa hiyo msitu wa chini kabisa unakupita. Unachopata badala yake ni msitu wenye watu wachache, nyati na tembo bado wamo, na kambi ya Mti Mkubwa iliyo ndani kabisa ya miti. Tafuta Hagenia abyssinica: gome jekundujekundu linalochunika, majani yaliyogawanyika vipande vingi, na mashada ya maua yanayoning'inia. Ukiiona hagenia, ujue unakaribia mpaka wa juu wa msitu.

Kisha kuna uwanda wa Shira. Kati ya njia hizi nne hakuna nyingine inayokupa saa nyingi hivyo, tena kwenye ardhi iliyo karibu tambarare, ndani ya ukanda wa erika, nyasi na maua makavu ya Helichrysum. Kama ukanda huo ndio unaokuvutia, usiangalie njia nyingine. Baadaye Lemosho inaungana na Machame, kwa hiyo Lava Tower na Barranco unazipata pia. Gharama yake ni siku, saba hadi nane, na kila siku ina ada ya hifadhi, chakula na mishahara ya wagumu. Kwa mtu wa mara ya pili anayejua tayari anachokitafuta, ningeiweka ya kwanza.

Rongai: pa kujifunzia kipi ni cha kwetu na kipi kimeletwa

Upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, mvua ni kidogo kwa mbali, na maua ya msituni ni machache. Anayetafuta Impatiens asianzie hapa. Lakini Rongai inafundisha kitu ambacho kusini ni kigumu kukipata: tofauti ya miti ya asili na miti ya mashamba ya mbao. Mwanzo wa njia unapita karibu na mashamba ya watu na miti ya kupandwa, na mgeni akiona mipaini na saiprasi hudhani ndiyo sura ya mlima.

Linganisha hivi. Mpaini una majani ya sindano ndefu zilizofungwa pamoja, na makoni, yaani matunda magumu kama mbao. Saiprasi ina majani ya magamba na makoni madogo ya mviringo, magumu. Mtarakwa, ambao ni wa asili, nao una majani ya magamba kwa hiyo unafanana sana na saiprasi. Angalia tunda: la mtarakwa ni laini, dogo, la rangi ya buluu lenye unga mweupe, na gome lake linachunika kwa nyuzi. Podo, wa asili pia, hana sindano wala magamba. Majani yake ni bapa, membamba, magumu kama ngozi, na hazai koni kavu bali mbegu yenye nyama. Tunda na jani vikikubaliana, huwezi kukosea. Kwenye msitu huu mkavu utaukuta pia mzeituni mwitu, ambao majani yake yana rangi ya kijivu-dhahabu upande wa chini.

Vilivyoletwa haviko mashambani tu. Nyasi ndogo ya Ulaya, Poa annua, imepanda mlima kwa kufuata njia na kambi, mbegu zake zikibebwa na viatu na mizigo. Ukiona majani mororo ya kijani kibichi kuzunguka kibanda huko juu, usiyaandike kwenye orodha ya mimea ya Kilimanjaro. Na usafishe soli za viatu vyako kabla ya geti.

Rongai ina faida moja iliyofichika: wapandaji wake hushukia Marangu. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kupanda kupitia mtarakwa na mzeituni, akaona senesio za upande wa Mawenzi, kisha akashuka kupitia Horombo na msitu wa mvua wa kusini. Kwa upana wa mimea, katika safari moja, mchanganyiko huo hauna mpinzani. Kasoro yake ni kwamba msitu ulio tajiri kuliko yote unaupita siku ya mwisho, ukishuka kwa kasi na magoti yanauma. Omba siku moja ya ziada Mandara.

Njia ya Umbwe siipendekezi kwa kazi hii. Msitu wake ni wa ajabu kwa kuvu na mizizi, lakini njia ni ya kukwea, na macho yako yatakuwa kwenye miguu. Mweka hairuhusiwi kupandia, ni ya kushukia. Msitu wake una Impatiens tele na juu yake protea, kwa hiyo aliyepanda Machame au Lemosho asikimbilie basi siku ile ya mwisho.

Kuhusu jangwa la juu sina mengi, maana mimea yenyewe ni michache kwa njia zote. Helichrysum ndiyo inayobaki: Helichrysum kilimanjari ya manjano, meyeri-johannis yenye waridi, na newii yenye majani ya sufu ya kijivu, iliyopewa jina la mmisionari Charles New, aliyefika kwenye theluji mwaka 1871 na kushuka na mimea. Hiyo newii imeonekana hadi ndani ya kreta ya Kibo, pale mvuke wa moto unapopasha udongo.

Mwongozaji, simu au kitabu?

Sheria inakutaka uwe na mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo uchaguzi ni wa nani atangulie kwenye kutambua. Naweka mwongozaji wa kwanza. Wengi wamezaliwa kwenye vijiji vya chini ya msitu, wanajua mti kwa gome, kwa harufu, na kwa alichotibu bibi yao. Muulize mti gani gome lake lilichemshwa kwa ajili ya nini, muulize kwa nini masale hupandwa mipakani na hupelekwa kuomba msamaha, na utapata maarifa ambayo hayamo kwenye simu. Tahadhari ni moja: Kichaga cha Machame, cha Vunjo na cha Rombo vinatofautiana, na mmea mmoja unaweza kuwa na majina matatu kuuzunguka mlima. Ukiandika jina la kienyeji, andika pia umelipewa na mtu wa upande gani. Na mwambie kabla ya safari kwamba umekuja kwa mimea. Asiyeambiwa atakuharakisha, kwa sababu ndivyo wageni wengi wanavyotaka.

Simu ni ya pili. Programu ya iNaturalist ina uzuri kwamba unapiga picha bila mtandao, ukishuka unazipandisha, na watu wanaojua mimea husahihisha. PlantNet ni nyepesi kutumia. Zote huyumba kwenye mimea ya mlima mmoja, maana picha za Ulaya na za Mlima Kenya ni nyingi kuliko za Kilimanjaro. Ndiyo maana nimesisitiza mwinuko na mahali. Piga ua, piga jani juu na chini, piga mmea mzima, kisha andika mita ulizopo. Picha ya ua peke yake haimsaidii mtu yeyote.

Kitabu nakiweka cha mwisho kwa ajili ya uzito na lugha, kwa sababu vilivyo vingi ni vya Kiingereza. Kisome nyumbani kabla, andika majina ishirini kwenye karatasi, uibebe karatasi.

Kama huna pesa wala siku za kupanda mlima mzima

Mandara kwa siku moja inaruhusiwa: unaingia geti la Marangu asubuhi, unafika Mandara na Maundi, unarudi jioni. Mtanzania na raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo kuliko mgeni. Kwa safari moja hiyo unapata msitu wa chini, msitu wa juu, mpaka wake na mwanzo wa erika, kwa kwenda na kurudi. Machame haikupi hivyo kwa siku moja, mpaka uko mbali mno.

Kwa maua chagua Januari na Februari, udongo ukiwa bado na maji ya vuli na anga imefunguka. Juni hadi Oktoba njia ni kavu na rahisi, ila msitu una maua machache. Masika, Machi hadi Mei, msitu unapendeza kuliko wakati wowote, lakini utafanya kazi yako yote chini ya koti la mvua. Usichume kitu, ni marufuku hifadhini, hata jani lililo hai. Beba kioo cha kukuzia, daftari na penseli, kwani wino wa kalamu hukwama kwenye karatasi iliyolowa, na simu iweke ndani ya nguo karibu na kifua, maana baridi ya Horombo humaliza betri kabla ya jua kuchomoza.